Mlaji wa Nne

Hebu ione meza hii. Ni ya mbao, imefunikwa kitambaa cha plastiki chenye maua yaliyofifia pale viwiko vinapoegemea, na imesogezwa karibu na dirisha ili mwanga wa mchana uangukie sahani. Wameketi watu watatu. Mwanamume mwenye vipande vya nyuzi kwenye nywele, mwanamke mpana mwenye mikono ya kukanda unga, na msichana mdogo ambaye miguu yake haifiki sakafuni. Mwanamume ameshamaliza, anachokonoa meno. Mwanamke ameweka kijiko chini, anasubiri. Mtoto ametafuna tonge lake la mwisho, amefunga mdomo, ametulia tuli.

Sasa sikiliza. Kuna mtu anameza.

Si sauti kubwa. Ni gluk moja tu, nzito, kama ya mtu mzima aliyekuwa na kiu. Mwanamke alidhani ni mumewe. Mumewe alidhani ni mtoto. Mtoto hakudhani kitu, maana yeye alikuwa akijua.

Mwanamke huyo majirani walimwita Mama Kikapu. Kazi yake ilikuwa kulea watoto ambao ofisi ya ustawi wa jamii ilikuwa imewaondoa kwenye nyumba walikokuwa wakiteseka, na zaidi ya wote waliletwa kwake wale walioharibiwa na njaa: wanaoficha mkate ndani ya soksi, wanaokula mpaka watapike kisha warudi mezani, wanaofumba mdomo wakiona kijiko. Alikuwa amehudhuria mafunzo, na baada ya mafunzo alikuwa amewalea watoto wengi kuliko alivyofundishwa. Kikapu kilichompa jina kilikaa kwenye rafu ya chini kabisa jikoni, mahali mkono wa mtoto unapofika, na ndani yake daima kulikuwa na mkate, ndizi na mayai ya kuchemsha. Mtoto alijichukulia. Haombi ruhusa wala haulizwi.

Alikuwa na sheria nyingine, na hiyo ndiyo aliyoishika kuliko zote. Humtazami mtoto sahani. Mtoto aliyewahi kunyimwa chakula, ukimkodolea macho anapokula, anaona unamhesabia matonge. Kwa hiyo pakua, keti naye, ongea habari za paka wa jirani, tazama dirishani. Kiasi anachokula ni siri yake na tumbo lake. Sheria nzuri. Kwa watoto wote waliotangulia ilifanya kazi.

Msichana huyu aliletwa na afisa wa ustawi, dada mmoja mwembamba aliyekuwa akitembea na mkoba mzito begani.

"Huyu alikutwa amefungiwa chumbani," afisa alisema mlangoni, kwa sauti ya chini. "Majirani ndio waliovunja kufuli. Mama yake yuko mahabusu. Kila akihojiwa anasema kitu kimoja tu, eti alikuwa anamsaidia mtoto."

"Wote husema hivyo," Mama Kikapu alijibu. "Karibu ndani, mwanangu."

Mlo wa kwanza, mtoto aliketi wima na kukagua sahani ya kila mtu, moja moja, kama msimamizi wa kiwanda. Mume wa Mama Kikapu, fundi wa makochi ambaye karakana yake ilikuwa hapo hapo uani, alisukuma sahani yake mbele kwa heshima.

"Bosi, kazi imepita au nirudie?"

Mtoto hakucheka, lakini pembe ya mdomo ilitikisika. Tangu siku hiyo akawa Bosi.

Baada ya chakula Mama Kikapu alimshika mkono, akampeleka jikoni, akachuchumaa naye mbele ya rafu.

"Hiki ni chako. Mchana, usiku, wakati wowote. Hakitakuwa kitupu hata siku moja."

Bosi alikitazama kikapu muda mrefu. Kisha akauliza kwa kunong'ona, "Hata tukiwa wengi?"

Mama Kikapu alicheka, akamvuta kifuani. "Hata mkiwa wengi, mwanangu. Katika nyumba hii mwenye njaa hafukuzwi."

Mahali fulani nyuma ya mtungi wa maji kitu kilitoa pumzi, kama mtu aliyetua mzigo. Mama Kikapu alidhani ni kifuniko cha sufuria.

*

Kikapu kiliisha asubuhi, kikaisha mchana, kikaisha jioni. Mama Kikapu alifurahi. Alinunua mkate zaidi, akachemsha mayai zaidi, akawaambia majirani kwamba mtoto huyu hana makuu, amekubali chakula mapema. Jambo moja tu lilimkaa moyoni. Alipotandua kitanda cha Bosi hakukuta kitu. Chini ya mto hakuna ganda la ndizi, kwenye viatu hakuna kipande cha mkate, mfukoni hakuna punje ya wali. Watoto wa njaa wote huficha chakula. Huyu hakuficha hata chembe.

Halafu ikaja harufu. Wakati wa kula, ghafla, ilipita harufu ya sufuria tupu iliyosahauliwa motoni, ile harufu kavu inayochoma pua. Mama Kikapu aliinuka mara kwa mara kukimbilia jikoni. Jiko lilikuwa limezimwa, baridi, na sufuria zimepangwa.

"Wewe hunusi?" alimuuliza mumewe.

"Nanusa gundi yangu," Fundi alijibu. "Nikianza kunusa kitu kingine nitakuambia, ujue nimestaafu."

Lakini alikuwa ameacha kukaa upande ule wa meza. Alisema upepo wa dirishani unamuumiza shingo.

Na Bosi alikuwa akikonda. Kliniki walimpima, wakampa dawa ya minyoo, wakampima tena, wakachukua damu na choo, hawakuona kitu. Mabega yake yalichomoza kama ya kiango cha nguo. Muuguzi alimwangalia Mama Kikapu kwa jicho ambalo hakuwahi kuangaliwa nalo tangu aanze kazi ya ulezi. Siku mbili tatu baadaye afisa akaja, akakataa chai.

"Mama, sikufichi. Ofisini wananiuliza chakula kinakwenda wapi."

"Kinakwenda tumboni kwake. Njoo ule naye uone."

"Mimi nakuamini. Ila mzani hauna urafiki na mtu. Ukishuka tena nitamlaza hospitali, na akitoka huko sidhani kama watamrudisha hapa."

Bosi alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Afisa alipoondoka alikuja akashika upindo wa gauni la Mama Kikapu, akaushika tu, na hakuuachia mpaka jua lilipozama. Mtoto ambaye alikuwa hajawahi kumgusa mtu. Hapo Mama Kikapu akajua kwamba huyu hatamtoa, hata waje na gari la wagonjwa.

Kesho yake, mchana, akavunja sheria yake. Akatazama sahani.

Alipakua wali na mchuzi wa nyama, akaanza habari za paka wa jirani kama kawaida, na huku akiongea akageuza macho polepole. Bosi aliugawa wali katikati kwa kijiko. Alichukua kutoka upande wake, akatia mdomoni, akatafuna kwa bidii, sana, mashavu yakienda kama ya mtu mzima aliyepewa kazi ya haraka. Kisha akaacha kutafuna, akageuza uso kidogo kushoto, kwenye kiti kisichokaliwa na mtu, akafungua mdomo. Na Mama Kikapu akaona mdomo wa yule mtoto ukijaa kisha ukiwa mtupu, mashavu yakinywea kana kwamba kuna kidole kilichoingia na kuzungusha na kukomba mpaka nyuma ya ulimi, na koo la mtoto halikusogea hata kidogo, lakini pale penye kiti kitupu, kwenye usawa ambapo ingekuwa shingo ya mtu mrefu, kulisikika gluk, na harufu ya sufuria iliyoungua ikapita usoni kwake kwa joto, kama mtu amemchekea kwa karibu.

Fundi alikuwa amesimama. Kiti chake kilikuwa kimeanguka na hakuna aliyesikia kikianguka.

"Bosi," Mama Kikapu alisema, akijitahidi sauti yake ibaki ile ile ya habari za paka. "Mwanangu. Nani anameza?"

"Usiseme kwa nguvu, anti."

"Nimesema polepole. Ni nani?"

"Hana meno," Bosi alinong'ona. "Mimi humtafunia."

"Na wewe unakula saa ngapi?"

Mtoto alifikiri. Ilionekana hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hilo. "Akishiba," akasema. "Lakini bado hajashiba."

Kidogo kidogo, mikono yake midogo ikiwa imefunikwa na mikono mipana, alieleza. Mama yake alikuwa akienda kazini, anamfungia ndani ili asitoke barabarani. Anamwachia bakuli. Siku nyingine mama anachelewa, siku nyingine halali nyumbani. Bakuli likiisha, Bosi anacheza mchezo wa kupika. Anakoroga bakuli tupu, anapakua, anamkaribisha mgeni.

"Ukipakua lazima useme karibu. Mchezo ndivyo ulivyo. Nikawa nasema karibu, karibu tule. Nasema kila siku." Alitazama kiti kitupu. "Halafu siku moja mtu akasema asante."

*

Mwanamke waliyeelekezwa kwake alikuwa na duka la kupiga pasi. Mchana alinyoosha mashati ya watu, na nyuma ya pazia aliongea na wasioonekana, na kazi zote mbili alizifanya kwa uso ule ule wa kuchoka. Aliwasikiliza bila kuacha pasi.

"Hajaingiwa na kitu huyo," alisema. "Ameita mwenyewe, kikaja. Kingekuwa cha kuingia ningekitoa. Cha kuitwa hakifukuziki."

"Basi tufanye nini?" Fundi aliuliza.

"Kinyimeni. Mfungieni mtoto, msimpe kitu. Maji tu. Kikikosa cha kutafuniwa kitachoka kitafute pengine."

Mama Kikapu aliishika meza ya pasi. "Mama mzima niache mtoto wa watu na njaa? Mtoto ambaye njaa ndiyo iliyomleta kwangu?"

"Mimi nimekwambia dawa. Sikukwambia ni tamu." Alipindua shati, akalinyunyizia maji. "Alikuja mwanamke mwingine hapa mwaka jana, mtoto wake vile vile, anakula anakauka. Nilimwambia hivi hivi. Alilia kuliko wewe."

"Ikawaje?"

"Hakurudi kunieleza."

Pasi ilifuka mvuke. Fundi alimtazama mkewe, mkewe akamtazama yeye, na wote wawili walikuwa wakimwona mwanamke mmoja aliye mahabusu, anayesema kila akihojiwa kwamba alikuwa anamsaidia mtoto.

Walirudi nyumbani bila kutaka kuifuata dawa ile. Lakini mzani ulikuwa unangoja kliniki, na afisa alikuwa anangoja ofisini, na hapakuwa na dawa nyingine. Fundi alileta komeo kutoka karakana. Mtu aliyefunga maelfu ya misumari bila kuangalia, siku hiyo parafujo zilimdondoka.

"Mpaka jioni tu," Mama Kikapu alisema. "Tuone. Mpaka jioni."

Bosi alipoona komeo hakulia. Aliingia mwenyewe. Alikwenda kwenye kona iliyo mbali na mlango, akaketi na magoti kifuani, kama mfanyakazi anayerudi kwenye kiti chake baada ya likizo. Hilo ndilo lililomkata Mama Kikapu maini, jinsi alivyojua pa kukaa.

Mlango ukafungwa. Mama Kikapu akaketi sakafuni upande wa pili, mgongo ukiegemea mbao.

"Anti," sauti ilisema baada ya muda.

"Niko hapa."

"Mama naye alilia hapo hapo, nje ya mlango."

Alijiziba mdomo kwa mtandio. Ndani kukawa kimya, mchana ukasogea, kivuli cha dirisha kikapanda ukutani, na baadaye akaanza kusikia mkwaruzo mdogo, wa duara, kidole juu ya sakafu, mkono unaokoroga sufuria isiyokuwepo, na sauti ya mtoto, nyepesi, ya kawaida kabisa, sauti ya kucheza, ikisema chumvi kidogo, haya sasa imeiva, karibu, karibu tule, na ikajibiwa asante na kitu ambacho sauti yake haikutoka kwenye koo bali kwenye nafasi, kama sauti inayotoka ndani ya pipa, kisha gluk, kisha mkwaruzo tena, karibu, asante, gluk, na hapo ndipo Mama Kikapu, ambaye alikuwa amelea njaa za watoto wa watu kwa nusu ya maisha yake, akaelewa kwamba ndani ya chumba kile hakuna chakula hata punje na bado kitu kile kinameza, kwamba hakikuwa kimelegea wala kimechoka bali kilikuwa mezani pake penyewe, mahali kilipozaliwa, na kwamba kinachomezwa sasa, baada ya wali na mkate na mayai yote yale kwisha, ni mtoto mwenyewe.

Hakulitafuta komeo. Alilivunja kwa bega.

Bosi alikuwa pale pale kwenye kona, midomo imepasuka, akitabasamu kwa adabu kama mwenye nyumba aliye na mgeni. Kichwa chake kilikuwa kimeinuliwa na mdomo u wazi. Mashavu yalikuwa yameingia ndani.

Mama Kikapu alirudi jikoni mbio, akachukua mkate kwenye kikapu, akaja nao, akaketi sakafuni kati ya mtoto na ile harufu. Sauti yake ilikuwa ya mezani.

"Mwache huyu," alisema. "Meno yake ni ya utoto, yatang'oka. Yangu ni ya mtu mzima."

"Usiseme, mama," Bosi alinong'ona. Ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo. "Mama, usiseme hilo neno."

Mama Kikapu aliumega mkate.

"Karibu," alisema. "Karibu tule."

Akatia mdomoni, akatafuna, na kabla hajameza, kitu baridi kilipita kati ya meno yake, kikatafuta chini ya ulimi, kikakomba kila kona kwa uangalifu wa mtu asiyependa kupoteza chembe. Mbele yake, karibu sana, sauti ikasema asante.

*

Bosi alianza kunenepa. Mashavu yakaja, kisha mikono, kisha zile kelele ambazo watoto walioshiba hupiga bila sababu. Kliniki muuguzi alimpa Mama Kikapu mkono. Siku moja mchana, wakiwa mezani, watoto wa jirani wakimwita nje kuruka kamba, Bosi alishuka kwenye kiti na kutoka mbio, na nyuma yake kwenye sahani kulibaki nusu kipande cha mkate, umeng'atwa, umesahauliwa.

Mama Kikapu aliutazama. Kwa mtoto wa namna ile, kusahau chakula ndiyo shahada. Machozi yalimtoka. Akaichukua ile nusu, akaitia mdomoni, akatafuna, na mdomo ukawa mtupu.

Fundi alikuwa akipunguza magauni ya mkewe kwa cherehani ya makochi. Kila baada ya muda alilichukua jingine, akalikunja pembeni, akashona. Hakufanya utani tena.

"Nimwambie afisa unaumwa?"

"Umwambie ugonjwa gani?"

"Basi turudi kwa yule wa pasi."

"Atasema nifungiwe," Mama Kikapu alisema, na kwa muda mfupi karibu wacheke.

Angeweza kuvumilia hivyo. Alishaamua kuvumilia. Kumbe Bosi alikuwa akimtazama sahani. Hakuna aliyemfundisha sheria ile, na hata kama angefundishwa, alijua vizuri kuliko mtu yeyote duniani anachokitazama. Asubuhi moja Mama Kikapu alikuwa amelala kitandani, amechoka hata kuinua kikombe, mtoto akaingia kwa kunyata. Alinyoosha kiganja. Ndani yake kulikuwa na bonge laini, jeupe, lenye mate.

"Nimemtafunia," alisema. "Wewe pumzika, mama. Mimi nitafanya asubuhi, wewe ufanye mchana."

Kutoka upande wa mtoto, juu kidogo ya nywele zake, kitu kilisema asante. Kilisema kwa upendo, kama mtu aliyekutana na rafiki aliyemkumbuka sana.

Mama Kikapu alimpiga mkono ule. Bonge likaruka ukutani. Hakuwa amewahi kumpiga mtoto maishani mwake, na Bosi alimtazama si kwa hofu bali kwa huruma, kama vile muuguzi anavyomtazama mgonjwa asiyetaka dawa.

Siku hiyo nzima alifikiri. Akimrudisha mtoto ofisini kwa maneno mazuri, Bosi atarudi. Atatoroka popote watakapomweka. Ataruka ukuta, ataomba njia, atafika na kiganja chake kimejaa. Mtoto aliyempenda mtu kwa mara ya kwanza hazuiwi na geti. Ilibidi asipende tena kurudi. Na Mama Kikapu, aliyesomea kwa miaka jinsi ya kumponya mtoto kama huyu, alijua barabara ni sentensi gani ingemkata asiweze kurudi. Alikuwa amewaonya walezi wenzake wasiitamke kamwe, hata kwa utani.

Alimwita afisa. Akamketisha sebuleni, akamwita Bosi, akamsimamisha mbele yao wote.

"Mchukue," alisema.

Afisa alicheka kidogo, akidhani hajasikia. "Mama, mtoto amependeza. Ofisini wanakusifu. Kuna nini tena?"

"Nimechoka naye."

"Tuongelee nje, mama. Si mbele yake."

"Hapa hapa, asikie." Alimgeukia Bosi. Alimtazama machoni, maana uongo wa namna hii lazima utazamwe machoni ndipo ushike. "Unakula sana. Toka uje nyumba hii haina chakula. Unatumaliza. Simtaki mtoto mlafi."

Fundi alikuwa mlangoni. Aligeuka, akaenda karakana, na mara cherehani ikaanza kulia, ikilia bila kushona kitu.

Uso wa Bosi ulifungika, taratibu, kama duka linalofungwa mbao moja baada ya nyingine. Mashavu yale yaliyopatikana kwa taabu yalibaki pale pale, lakini nyuma yake hapakuwa na mtu. Alikwenda chumbani akavaa viatu. Alipopita mbele ya Mama Kikapu alijiweka mbali ili nguo zao zisigusane.

"Sikutegemea kwako," afisa alisema mlangoni. "Kwa yeyote, ila si kwako, mama."

Gari likaondoka. Mtoto hakugeuka. Mama Kikapu alisimama dirishani mpaka vumbi lilipotulia, akitumaini kwa nguvu zake zote zilizobaki kwamba hatageuka, na alipoona hakugeuka akaketi sakafuni akauma mkono wake mwenyewe ili asimwite.

Jina lake likafutwa ofisini. Hakuletewa mtoto mwingine tena.

Hayo ni ya zamani. Fundi hayupo tena. Mama Kikapu yupo, maana kile kitu hakimwachi afe, maiti haitafuni. Anaishi nyumba ile ile, haongezeki wala hapungui. Mchana ukipita nje ya dirisha utamsikia akisema karibu, na ukingoja kidogo utasikia jibu. Meno yake sasa ni machache. Na kila linapong'oka jingine, yule mwenzake huacha kumeza, hukaa kimya kidogo, kisha humuuliza kwa sauti ya upole habari za mtoto. Yuko wapi siku hizi. Amekuwa mkubwa, bila shaka. Ana meno mazuri.

Bosi ni mtu mzima sasa. Ni mzima wa afya, anafanya kazi, ana marafiki, huenda umewahi kuketi naye meza moja. Anakula vizuri na anasaza. Akikuzoea sana atakusimulia habari za mwanamke mmoja aliyemlea, kisha akamfukuza mbele ya watu kwa sababu ya kula, na utaona midomo yake ikikakamaa, na utasikia jinsi anavyomchukia. Chuki hiyo itakuuma. Utatamani kumwambia ukweli, ili moyo wake upoe.

Nakuomba, kwa upole kabisa, ukumbuke jambo moja. Usimwambie. Akijua, atakwenda.